Usimcheke Msee Akiwa "Shook": Hilo Neno Limetoka Mbali

Wasee, leo nataka tukae na neno moja tu. Neno lenyewe ni "shook".

Unalijua. Umelitumia. Pengine umelitumia leo asubuhi ukiona bei ya unga, ama ukisikia ile kapo mliyoiona ni ya milele imeachana. Unaandika "niko shook" na watu wanaelewa: umeshtuka, umeogopa, roho imeruka kidogo. Ni neno fupi, na kwa kijana wa Nairobi, Mombasa ama Kisumu halihitaji tafsiri.

Shida ni kwamba kila mtu ana stori yake kuhusu lilikotoka. Wengine wanaapa lilizaliwa TikTok. Walimu wa Kiingereza nao wanasema halijazaliwa kabisa, ni kosa la sarufi, Kiingereza kilichovunjika, na ukiliandika kwa insha utapigiwa mstari mwekundu. Halafu kuna kundi la tatu, wale wa base, ambao kwao "shook" ni matusi tu: msee amekuwa shook, msee ameingiza baridi, tumcheke.

Mimi sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo matatu. Nimefuatilia historia ya hili neno na nimepata kwamba lina umri wa zaidi ya miaka elfu moja, kwamba hilo "kosa" liliwahi kuandikwa na magwiji, na kwamba wanaume waliolifanya lisikike kote duniani walikuwa na sababu zao za kutetemeka. Twende polepole.

Kabla hakujakuwa na Kiingereza tunachokijua

Zamani sana, kabla ya mwaka 1066, watu wa Uingereza walizungumza Kiingereza ambacho wewe na mimi hatungeelewa hata sentensi moja. Katika lugha hiyo kulikuwa na kitenzi "sceacan". Usiogope hayo maandishi, mwanzo wake unatamkwa kama "sha". Hicho ndicho baba wa "shake".

Kinachonifurahisha ni maana zake. Kitenzi hiki hakikumaanisha kutikisika peke yake. Kilimaanisha pia kwenda kwa kasi, kuondoka, kutoroka. Fikiria hilo. Kutetemeka na kukimbia vilikuwa chini ya paa moja. Na si uongo, maana mwili ukiogopa, kwanza unatetemeka, halafu miguu inaanza kuuliza mlango uko wapi. Wale watu wa kale hawakuhitaji daktari awaambie hivyo.

Kitenzi hicho kilikuwa na maumbo mawili ya wakati uliopita, na hapa ndipo ugomvi wa walimu unaanzia. La kwanza ndilo lilikuja kuwa "shook", la kusema "alitikisa". La pili likawa "shaken", la kusema "ametikiswa" ama "aliyetikiswa". Kwa sheria ya darasani, mtu aliyeogopa anatakiwa awe "shaken". Ukisema "shook" umechukua umbo la kwanza ukaliweka mahali pa la pili, na kalamu nyekundu inatolewa.

Sasa swali langu ni hili. Hiyo sheria ililetwa na nani?

Askofu mmoja na kalamu yake

Kwa miaka mingi Waingereza wenyewe hawakuwa wakijali sana. Katika miaka ya 1600 na 1700 watu wasomi waliandika "shook" mahali ambapo leo ungeambiwa uandike "shaken". Hawakuwa wajinga. Lugha ilikuwa bado inatembea tu, na maumbo hayo mawili yalikuwa yanaanza kuungana.

Kisha mwaka 1762 akaja Robert Lowth, mtu wa kanisa ambaye baadaye aliteuliwa Askofu wa London, akatoa kitabu kidogo cha sarufi. Kitabu hicho kilipendwa sana na shule zikakichukua kama mwongozo. Moja ya mambo yaliyomkera Lowth ni hasa hili la watu kuchanganya maumbo mawili ya wakati uliopita. Na alichofanya kinaonyesha alivyojiamini: alichukua mifano ya makosa kutoka kwa waandishi wakubwa kabisa wa Kiingereza, hata Milton, akaonyesha kwamba nao wanakosea.

Wewe fikiria. Kama waandishi wakubwa wa lugha wote wanaandika namna fulani, pengine hiyo namna ndiyo lugha. Lakini Lowth aliona ni lugha iliyopotoka, inataka kunyooshwa.

Kitu kinachonichekesha ni kwamba Kiingereza chenyewe kilishafanya "kosa" hilohilo mara nyingi na hakuna anayelia. Chukua "held". Zamani umbo lake la pili lilikuwa "holden", na ukifungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 utalikuta. Leo "holden" imekufa, "held" inafanya kazi zote mbili, na mwalimu hasemi kitu. "Stood" nayo iko hivyo hivyo. Yaani "held" na "stood" walipewa pasi wakapita, "shook" akazuiwa mlangoni.

Si kwamba lilikosea kuliko wenzake. Ni kwamba watu waliobaki wakilitumia walikuwa wakulima, mabaharia, wafanyakazi wa viwandani, na ng'ambo ya bahari, watu wa Kusini ya Marekani, Weusi kwa weupe. Watu wa chini. Na wote tunajua kitu ambacho watu wa chini wanakisema huitwaje. Huitwa kosa.

Sisi Wakenya tunaijua hii stori vizuri kuliko wengi. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukoloni, anaeleza jinsi watoto walioshikwa wakiongea Gĩkũyũ karibu na shule walivyochapwa, ama wakavalishwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kuwaita wajinga au punda. Waulize wazazi wako kuhusu "monto" ama "disk". Wengi wataanza kucheka kwanza, halafu watanyamaza kidogo. Kwa hivyo mtu akiniambia neno fulani si "lugha safi", mimi nauliza kwanza: safi kwa nani, na nani alishika ufagio?

Watetemekaji wa Derby na wa Kaimosi

Kabla tuvuke bahari, kuna stori ya pembeni ambayo siwezi kuiruka, kwa sababu inaishia hapa kwetu.

Mwaka 1650, katika mji wa Derby huko Uingereza, mhubiri kijana anayeitwa George Fox alifikishwa mbele ya hakimu kwa sababu ya mafundisho yake. Fox akamwambia hakimu kwamba yeye naye inafaa atetemeke mbele ya neno la Mungu. Hakimu akamgeuzia kibao. Akamwita yeye na wenzake "Quakers", yaani watetemekaji. Kitenzi ni kingine, "quake", lakini matusi ni yaleyale ya base: cheki hawa, wanatetemeka.

Wenyewe walijiita Marafiki. Lakini lile jina la dhihaka liliwashika, na badala ya kulikimbia wakaishi nalo. Mwaka 1902 wamishonari watatu wa kundi hilo kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Leo hii Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi zaidi duniani. Kama una shangazi Vihiga ama Kakamega anayeenda Friends Church kila Jumapili, basi shangazi yako ni mrithi wa watu waliochekwa kwa kutetemeka mwaka 1650. Na hakuna anayemcheka leo.

Shikilia hiyo stori. Tutairudia.

Kutoka chupa ya soda hadi redio

Tuvuke sasa. Marekani, miaka ya 1950. Kuna mtunzi wa nyimbo Mmarekani Mweusi kutoka Brooklyn anayeitwa Otis Blackwell. Stori inayosimuliwa ni kwamba mtu mmoja aliingia ofisini akitikisa chupa ya Pepsi, akamwambia Blackwell aandike wimbo kuhusu hicho kitu, kutikiswa. Blackwell akaandika "All Shook Up". Mwaka 1957 Elvis Presley akaurekodi, na ukafika nambari moja Marekani na Uingereza. Jina la Elvis likawekwa kando ya la Blackwell kama mtunzi mwenza. Hata hilo nalo ni somo, lakini tuliache kwa siku nyingine.

Angalia kilichotokea kwa neno. Kwenye wimbo huo mtu hakuogopa bunduki. Amependa. Magoti yanatetemeka kwa sababu ya mapenzi. Na mamilioni ya watu, pamoja na Waingereza wenyewe, wakaimba hiyo sarufi "mbovu" kwa sauti ya juu bila aibu. Kile ambacho askofu alikikataa kwa kitabu, redio ilikirudisha kwa dakika mbili.

Queensbridge, 1995

Lakini "shook" ya kwetu, ile ya woga, ile ya kumwangalia msee machoni na kumwambia anatetemeka, imetoka mahali pengine. Imetoka mtaa wa Queensbridge, New York.

Queensbridge ni nyumba za serikali zilizofunguliwa mwaka 1939, na ndio mtaa mkubwa zaidi wa aina hiyo Amerika Kaskazini: majengo 96 ya matofali, zaidi ya vyumba 3,000 vya familia. Fikiria mitaa yetu ya kaunti huko Eastlands, halafu iongeze. Katika miaka ya 1980 ile kokeini ya bei rahisi, crack, iliingia New York, na bunduki zikaingia nayo. Mwaka 1990 pekee watu zaidi ya 2,200 waliuawa katika jiji hilo. Si vita. Ni mwaka mmoja tu, kwa jiji moja.

Hapo ndipo vijana wawili waliozaliwa mwaka 1974, Havoc na Prodigy, wanaojiita Mobb Deep, wanaingia. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1993, haikuuza na kampuni ikawaacha. Wakarudi kwa rekodi kampuni nyingine, na mwaka 1995 wakatoa "Shook Ones, Part II". Mdundo ni wa giza, unasikika kama saa ya jikoni katika nyumba ambayo hakuna mtu. Na "shook ones" wanaozungumziwa ni wale wanaojifanya wagumu lakini woga unawatoka kwa macho. Wahuni nusu nusu. Maneno mengi, lakini moto ukiwaka hawapo.

Wimbo huo ulibadilisha neno. Kabla yake, "shook" ilikuwa hali inayokupata, kama baridi ama mapenzi. Baada yake ikawa aina ya mtu. Kuna watu, na kuna walio shook. Na hapo neno likawa rungu.

Hapa kwetu pia mdundo huo ulifika, kwa kanda, kwa redio, kwa matatu zilizochorwa nyuso za marapa. Ndio miaka ileile ambayo vijana wa Dandora, Kalamashaka, walianza kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba stori ngumu za mtaa bila kutetereka. Walikuwa wakieleza yao, kwa lugha yao, lakini mtu yeyote wa Dandora aliyesikia Queensbridge alielewa bila mkalimani.

Kijana wa shule ya densi

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu yote imelala.

Prodigy, yule aliyewaita wengine shook, jina lake halisi lilikuwa Albert Johnson. Babu yake alikuwa mpiga saksafoni wa jazi, Budd Johnson. Bibi yake alikuwa na shule ya densi huko Queens. Na yeye na Havoc hawakukutana kwa vita vya mtaa. Walikutana katika shule ya sekondari ya sanaa, Manhattan. Yaani watoto wa kuchora.

Zaidi ya hapo, Prodigy alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, sickle cell. Sisi tunaujua. Ukienda magharibi mwa Kenya ama Pwani utakutana na familia nyingi zinazoishi nao. Ni ugonjwa wa damu unaoleta maumivu ya mifupa ambayo watu wazima hulia nayo. Prodigy aliishi nayo tangu utotoni, akiingia na kutoka hospitalini. Mwaka 2000 alitoa wimbo mzima kuhusu maumivu hayo, akisema wazi kwamba mtu asiyeupitia hawezi kuuelewa.

Mwaka uliofuata, 2001, Jay-Z akiwa jukwaani katika tamasha kubwa la New York alionyesha kwenye skrini picha ya Prodigy akiwa mtoto, amevaa kama Michael Jackson, picha ya kutoka kwa ile shule ya densi ya bibi yake. Lengo lilikuwa moja: kumcheka. Kuonyesha watu kwamba yule msee mgumu wa giza alikuwa mtoto wa kucheza densi. Na watu wakacheka. Rungu alilolitengeneza mwenyewe likamrudia.

Lakini mimi nikiiangalia hiyo stori, sioni aibu. Naona mtoto mgonjwa ambaye bibi yake alimfundisha kucheza. Naona kijana aliyeingia kwa mtaa wenye bunduki akiwa na mwili unaoweza kumwangusha wakati wowote. Huyo alikuwa na kila sababu ya kutetemeka, na pengine ndiyo maana alilijua hilo neno kuliko mtu yeyote. Mtu hawezi kuchora woga vizuri hivyo kama hajalala nao kitanda kimoja.

Prodigy alifariki Las Vegas tarehe 20 Juni 2017, akiwa na miaka 42, baada ya kulazwa kwa sababu ya ugonjwa uleule.

Aliyekiri ndiye aliyeshinda

Kuna filamu ambayo wengi wenu mmeiona, hata kama ni kwa ile DVD ya kukwaruza: "8 Mile" ya Eminem, ya mwaka 2002. Inaanza na "Shook Ones, Part II". Kijana yuko chooni mbele ya kioo, anajiandaa kupanda jukwaani, na woga unamzidi hadi anatapika. Anapanda. Anashika maiki. Maneno yanakataa kutoka. Anazomewa.

Mwishoni anarudi, na pambano la mwisho kabisa linapigwa kwa mdundo uleule wa Mobb Deep. Safari hii anashinda. Anashindaje? Hajitapi. Anataja yeye mwenyewe mambo yote ambayo mpinzani angemchekea: umaskini wake, nyumba ya mama yake, jinsi alivyopigwa, jinsi alivyosalitiwa. Anamaliza risasi zote za adui kwa kuzipiga mwenyewe. Halafu anamwonyesha mpinzani kuwa ndiye aliyekuwa akificha kitu, kwamba amesomea shule ya kibinafsi ya matajiri. Yule wa kujifanya mgumu anapokea maiki na hana hata neno moja.

Kwa hivyo filamu imechukua wimbo wa kuwacheka waoga na kuupindua. Aliyetetemeka mbele ya watu, akakubali, ndiye aliyebaki amesimama. Aliyekuwa akificha ndiye alikuwa shook wa kweli.

Neno linapopoa

Baada ya hapo neno likaingia mitandaoni. Vijana Weusi wa Marekani walilitumia, wengine wakalidaka, na kufikia mwaka 2016 na 2017 lilikuwa kila mahali. Kwa wale wanaosema ni la TikTok: TikTok ilifunguliwa nje ya Uchina mwaka 2017. Neno lilikuwa limeshafika kabla ya gari lake.

Lakini njiani lilipoteza joto. Woga ukawa mshangao. Leo mtu ni shook kwa sababu ya viatu, kwa sababu ya pilau, kwa sababu msanii amebadilisha nywele. Silaumu. Maneno hufanya hivyo, na hata Kiswahili chetu kimefanya. Kutetema ilikuwa ni kwa homa na hofu, lakini mwaka 2019 Rayvanny na Diamond walipotoa "Tetema" Afrika Mashariki nzima ilitetema kwa raha. Mwili unaotetemeka haujali sana kama ni furaha ama ni woga. Unatetemeka tu.

Na tukiongea ukweli, kwa woga wenyewe Kiswahili hakijawahi kuhitaji kukopa. Tuna kuogopa, kushtuka, kugwaya, kunywea, kufyata mkia. Magazeti yanapenda kuandika kwamba mwanasiasa fulani yuko tumbo joto. Mtaani nasi tunasema ameingiza baridi. Unaona? Mwandishi wa gazeti anauona woga kama moto tumboni, msee wa base anauona kama baridi mwilini, Mwingereza wa kale akauona kama mtikisiko. Wote wanasema ukweli. Wote wanauelezea mwili, kwa sababu woga hauanzii kichwani. Mwili ndio wa kwanza kujua.

Kwa nini nimeandika haya yote

Kwa sababu "ameingiza baridi" imewahi karibu kuua mtu mbele yangu.

Mtaani kwetu kulikuwa na kware, yale machimbo ya mawe ambayo yakiachwa hujaa maji ya mvua. Siku za likizo tulikuwa tunaenda kuogelea. Kulikuwa na rafiki yetu mmoja ambaye hakujua kuogelea na kila mtu alijua hajui. Alisema wazi kwamba anaogopa. Wenye sauti kubwa wakaanza: ameingiza baridi, ameingiza baridi. Dakika mbili tu za hiyo nyimbo, na akaruka. Fundi mmoja wa kukata mawe ndiye aliyemtoa, akiwa amekunywa maji hadi macho yamegeuka. Alipona. Lakini tangu siku hiyo najua kwamba woga wake ulikuwa sahihi, na kicheko chetu ndicho kilikuwa kijinga.

Wazee walishalisema hili: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tunaichukulia kama methali ya kuchekesha waoga. Isome tena. Inasema nyumbani kwa mwoga watu wanacheka kwa sababu amerudi mzima.

Najua kuna mtu atanijibu: na Juni 2024 je? Si kizazi chetu kilitoka barabarani kupinga Muswada wa Fedha kikisema hakiogopi? Ndiyo. Tarehe 25 Juni tulifika hadi Bungeni, na siku iliyofuata Rais akasema hatatia sahihi. Lakini kuna watu hawakurudi nyumbani, na miezi iliyofuata wengine walichukuliwa na magari yasiyo na namba. Mtu yeyote aliyekuwa mjini siku ile na akakuambia hakuogopa hata kidogo, mshuku. Niliona watu mikono inatetemeka wameshika chupa za maji na bendera. Walikuwa shook kabisa. Na bado walisimama pale. "Hatuogopi" ilikuwa kauli ya umma, na ilifanya kazi yake. Lakini ukirudi nyumbani usiku huwezi kulala, haina maana umesaliti mtu yeyote. Una haki ya kumwambia rafiki yako kwamba baridi imeingia, bila kuchekwa.

Hicho ndicho ninachokiomba. Chukua neno "shook" na ulitumie unavyotaka, kwa viatu, kwa pilau, kwa mapenzi kama Otis Blackwell. Mwalimu akikupigia mstari, mwambie kwa heshima kuhusu "held" na "stood", halafu uandike "shaken" kwa sababu mtihani ni mtihani. Lakini msee akikuambia kwa kweli kwamba yuko shook, kwamba kuna kitu kinamtisha, nyumbani, kazini, kwa mtaa, kwa simu yake, usimpige na hilo neno. Mwulize ni nini.

Wale Marafiki wa Derby walifikishwa mbele ya hakimu, wakaitwa watetemekaji, na miaka 250 baadaye wakafika Kaimosi na jina hilohilo.